Majira Yamebadilika: Ni Nani wa Kulaumiwa?

Tumeulizwa na baadhi ya wanaohudhuria darsa: haya yanenwayo kila siku, kwamba dunia yazidi joto na majira yamegeuka, je, yana ukweli, au ni maneno yaliyotungwa na wakubwa wa dunia ili kutushughulisha? Na mwengine akatuambia waziwazi kwamba khabari za Meru na mlima wake ni za watu wa bara. Sisi watu wa pwani zatuhusu nini? Twapenda kuyajibu masuala haya mawili pamoja, kwani jawabu ya la pili ndiyo ifunguayo mlango wa la kwanza.

Na atazame msomaji mji wa Nkubu. Ni mji mdogo wa Imenti ya Kusini, si mbali na Meru, juu ya barabara iendayo Embu, katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya. Juu yake hulimwa chai. Chini yake kahawa na ndizi, na wengi wetu tumekula ndizi za Meru bila ya kuuliza zilikotoka. Mito ya upande huo, Mutonga na Thingithu na Kathita, yote mwisho wake ni Mto Tana. Na hapa pana jambo la kuzingatiwa: maji yao huingia Tana chini ya mabwawa ya umeme, ambayo la mwisho wao ni Kiambere. Kwa hivyo yakizidi, hapana ukuta wa kuyazuia, na yakipungua, hapana akiba ya kuyajaliza. Hushuka Garissa, na Hola, na Garsen, hata yakaingia baharini Kipini. Basi mtu wa Kipini na mtu wa Nkubu ni majirani, ingawa hawajapata kuonana.

Ama sababu ya joto, si siri, wala si jambo la jana. Jua huitia ardhi moto, na ardhi huurudisha moto huo juu. Katika hewa mna gesi chache zishikazo sehemu ya moto huo usipotee wote, na lau si hizo dunia ingalikuwa baridi isiyokalika. Mashuhuri yao ni hewa ya kaboni, itokayo kila kinapoungua kitu cha makaa ya mawe, au mafuta, au kuni. Mwaka 1859 John Tyndall alionyesha kwa majaribio mjini London kwamba gesi hizi hushika moto. Na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hisabu ya kiasi ambacho dunia itapata joto hewa hiyo ikizidi. Hao hawakuwa na haja yoyote na siasa za leo. Kabla ya viwanda kuenea Ulaya, katika kila sehemu milioni za hewa kaboni ilikuwa kiasi cha 280. Ilipoanza kupimwa daima juu ya mlima Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kiasi cha 315. Sasa imepita 420. Na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza ambao joto la dunia, kwa wastani wa mwaka mzima, lilipita digrii moja na nusu juu ya lile la zamani kabla ya viwanda.

Wako wasemao kwamba mvua ni ya Mungu, na hapana la kuulizwa. Mvua ni ya Mungu, katika hilo hatubishani na mtu. Lakini homa nayo ni ya Mungu, wala hatuachi kutafuta mbu amezaliwa katika dimbwi gani.

Mlima wenyewe ni shahidi. Wameru huuita Kirimara, kwa weupe ulio juu yake. Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai hapa karibu na Mombasa, aliuona kutoka upande wa Ukambani mwaka 1849, na alipopeleka khabari Ulaya kwamba pana theluji karibu na mstari wa ikweta, wanavyuoni waliokaa vitini mwao walimcheka. Leo haikanwi tena theluji hiyo, bali yaondoka. Mwisho wa karne ya 19 palikuwa na vipande vya barafu 18 mlimani. Kile kiitwacho Gregory kilikuwa kimekwisha kabisa kufikia mwaka 2011, na Lewis, kilicho mashuhuri kuliko vyote, kilipimwa mwaka 1934 na kupimwa tena mwaka 2010, kikaonekana kimepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za ujazo wake.

Hapa yapasa tusimame kidogo, kwa kuwa wengi hukosea. Husikia barafu yayeyuka, wakadhani ndiyo sababu ya mito ya Nkubu kukauka. Sivyo. Barafu ile ni kidogo mno kulisha mito hiyo. Mito hulishwa na mvua, na ukungu uushikwao na msitu, na maji yanywewayo na udongo ulio chini ya miti na kuachiliwa pole pole wakati wa kiangazi. Tena wataalamu wasema kwamba barafu hizi zilianza kurudi nyuma kiasi cha mwaka 1880, hewa ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa kavu zaidi, kabla ya moshi wa viwanda kufikia wingi wa leo. Joto la siku hizi lilikuta kazi imeanza, likaihimiza. Twayasema haya kwa kuwa ukweli hauna haja ya kutiliwa chumvi, na mwenye kuipinga khabari nzima hutafuta neno moja lililotiwa chumvi akalishikilia.

Msitu, basi, una khabari yake, na khabari hiyo haitoki Ulaya wala Marekani. Mwaka 1999 idara ya wanyama wa pori ya Kenya iliruka na ndege juu ya Mlima Kenya na misitu ya Imenti, ikaona maelfu ya miti imekatwa, na matanuri ya makaa, na mashamba ya bangi ndani ya msitu wa serikali. Miongoni mwa iliyokatwa ni ule mti ambao Wazungu waliuita kafuri, ingawa siyo huo utoao kafuri tunayowatilia maiti wetu. Msitu wa Imenti, ulio karibu na Meru, uliharibiwa vibaya. Mwaka 2000 mlima ukawekwa chini ya ulinzi mkali zaidi, na sehemu nyingi zimerudi kuota. Lakini ni nani aliyenunua mbao zile na makaa yale? Ni watu wa miji. Nasi pia tu watu wa miji, na mikoko ya Tudor hapa Mombasa haikukatwa na Wameru.

Sasa tuzitazame athari. Toka Oktoba 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua, vuli na masika, ilikosa kwa mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, na Somalia, na kusini ya Habasha. Katika Kenya peke yake walikufa wanyama zaidi ya milioni mbili. Wataalamu walioichunguza kiangazi ile mwaka 2023 walisema kwamba kwa ajili ya joto lililozidi, ukame wa namna hiyo umekuwa rahisi kutokea mara 100 au zaidi kuliko zamani. Kwani si mvua peke yake iliyopungua, bali hata hiyo kidogo iliyonyesha ilinyonywa upesi na hewa yenye moto. Kisha, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, ikaja vuli ya 2023. Bahari ya upande wetu ilikuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, na ikiwa hivyo mvua za vuli huzidi kwetu. Na joto la dunia likaziongeza nguvu. Tana ikafurika, watu wa Garissa na wa Tana River wakahama majumba yao, na njia ya Garsen na Lamu ikakatwa na maji. Masika ya 2024 yakarejea na mafuriko mengine.

Tumefikia kwenye lawama. Mkenya mmoja, kwa kadiri ya wastani, hatoi hata nusu ya tani ya kaboni kwa mwaka. Mmarekani hutoa kiasi cha tani 14. Na mtu wa Qatar hupita hapo kwa mbali sana. Wala tusiwataje Wazungu tukawanyamazia ndugu zetu wa Ghuba, ati kwa kuwa ni Waislamu na wengi wetu tuna jamaa huko. Kenya nzima haifikii sehemu moja katika elfu ya moshi wa dunia. Basi kumwambia mkulima wa Nkubu kwamba yeye ndiye aliyeharibu majira ni dhulma; na kumwambia mkata msitu wa Imenti kwamba yeye hana kosa, kwa kuwa kosa lote ni la wenye viwanda, nayo ni dhulma. Joto ni deni la waliochoma. Kukauka kwa chemchemi iliyokatiwa miti ni deni la aliyekata na aliyenunua. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuweka mfuko wa kuwasaidia wapatao hasara za namna hii. Kilichotiwa humo mpaka sasa ni kidogo sana mbele ya hasara yenyewe, na haki yetu ni kukidai. Lakini mwenye kudai hutazamwa na mikono yake pia.

Na aliye na shaka kwamba haya ni mambo ya bara, na aende Ozi, karibu na Kipini. Mto unapopungua nguvu, bahari, ambayo nayo imepanda kwa kiasi cha sentimita 20 toka mwaka 1900, hupanda ndani ya mto wakati wa bamvua. Mashamba ya mpunga yameingiwa na chumvi, na miembe iliyopandwa na wazee yasimama mikavu ukingoni.