Dondoo muhimu: Kujifulia kisu

Springi kuukuu ya lori hutoa kisu imara cha kuchinjia na kuchunia, ukizingatia haya:

1. Chagua springi au tupa iliyochakaa. Nondo ya kawaida ni laini, haishiki makali.
2. Usichome chuma chenye zinki. Moshi wake ni sumu.
3. Fua kikiwa chekundu. Kikififia, kirudishe motoni.
4. Acha ukingo wa makali unene wa sarafu kabla ya kuzimisha (kukipoza ghafla). Ukiwa mwembamba hupinda.
5. Kabla ya kuzimisha, pasha kisu moto ukikijaribu kwa sumaku: isiponasa tena, ongeza moto kidogo tu, kisha zimisha.
6. Zimisha kwa mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo. Maji yanaweza kupasua chuma. Weka kifuniko cha bati karibu, cha kuyafunika mafuta yakiwaka.
7. Kipashe upya papo hapo kwenye oveni, nyuzi 200, saa mbili. Ukiruka hatua hii kinaweza kuvunjika kikianguka.
8. Tumia mbao kavu kwa mpini. Mbichi husinyaa juani na mpini hulegea.
9. Vaa miwani na barakoa unaposaga chuma, mbao au pembe ya mpini.
10. Shona ala ya ngozi kabla ya kukitumia. Nyumbani kuna watoto.