Kumsomesha Mtoto Nyumbani: Mtaala Kwanza au Mbinu Kwanza?

Wazazi wa Kenya wanaotaka kuwasomesha watoto wao nyumbani huniuliza kwanza kuhusu vitabu. Mimi huwaomba waviweke vitabu kando kidogo, kwa sababu kuna uamuzi unaotangulia, na ukikosewa mtoto ndiye anayelipa.

*Je, mtaala na mbinu si kitu kimoja?*

La. Mtaala unasema mtoto ajue nini na apimwe vipi. Mbinu ni njia yako ya kumfikisha huko. Unaweza kufuata CBC, mtaala wa taifa wa Kenya, kwa mbinu ya Montessori, au mtaala wa Cambridge huku ukifundisha kwa masimulizi. Mzazi asiyetofautisha haya mawili huvutiwa na mbinu, akanunua vitabu vya bei ghali, kisha mtoto anafika umri wa kufanya mtihani na hakuna kituo kinachomtambua.

*Basi nianze wapi?*

Anza na cheti, urudi nyuma. Jiulize mwanao atamaliza sekondari akiwa na cheti gani, na nani atamsajili kwa mtihani huo.

Katika CBC, alama za kuingia sekondari ya juu hazitoki kwenye mtihani mmoja. Mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, una asilimia 20. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina asilimia 20 nyingine. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, ndio unaobeba 60 zilizobaki. Tathmini hizo za katikati hutumwa na shule kwa KNEC, baraza la mitihani la taifa. Mzazi hawezi kuzituma mwenyewe. Kwa hiyo anayefuata CBC nyumbani anahitaji shule iliyosajiliwa inayokubali kumwandikisha mtoto na kumtathmini, na makubaliano hayo yafanywe mtoto akiwa bado gredi za chini. Ukingoja hadi Gredi ya 9, sehemu ya alama zake imeshapotea. Faida ya CBC ni gharama: miongozo ya masomo hutolewa na KICD, taasisi ya taifa ya kukuza mitaala, na vitabu vilivyoidhinishwa vinapatikana katika maduka ya kawaida.

Cambridge ni rahisi zaidi kwa mtoto wa nyumbani, kwani mtihani wake wa sekondari, IGCSE, hufanywa hata na mtahiniwa wa kibinafsi, Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Hata sayansi haimfungii nje asiye na maabara, kwa sababu kuna karatasi maalumu inayochukua nafasi ya mtihani wa vitendo. Kinachouma ni ada, maana hulipwa kwa kila somo. Piga hesabu ya masomo yote kabla hujaanza.

*Marafiki zangu wanatumia ACE. Inafaa?*

ACE (Accelerated Christian Education), mtaala wa Kikristo wa kujisomea, ilianzia Texas mwaka 1970. Mtoto hupimwa kwanza ajulikane alipo, kisha hujisomea vijitabu 12 vya kila somo kwa mwaka, na haendelei mpaka apate angalau asilimia 80. Mzazi anayefanya kazi huipenda, na mtoto anayependa kusoma peke yake hustawi nayo. Lakini mtoto anayejifunza kwa kuzungumza na kubishana hunyong'onyea mbele ya vijitabu hivyo. Isitoshe, mafundisho ya Kikristo yamo katika kila somo, hata hisabati. Familia ya Kiislamu ijue hilo kabla ya kulipa. Kuhusu cheti chake, viulize vyuo vikuu unavyovilenga, na uombe jibu kwa maandishi.

*Mbinu je?*

Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, chaguo langu ni mbinu ya Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923. Masomo yake ni mafupi, hayazidi dakika 20 kwa wadogo. Unamsomea mtoto kisa kizuri mara moja tu, naye anakusimulia kwa maneno yake. Hakuna maswali ya kujaza nafasi. Aliyesikiliza anajulikana papo hapo, na aliyesinzia pia. Watoto wetu waliolelewa na ngano za bibi huizoea upesi.

Mbinu ya Maria Montessori, aliyefungua darasa lake la kwanza Roma mwaka 1907, huwafaa zaidi wale wa miaka mitatu hadi sita. Usikubali kuuziwa vifaa ghali: maharagwe, bakuli mbili na kijiko vinatosha kuanza kuhesabu na kuimarisha mkono.

Ipo pia njia ya John Holt, ya kumwacha mtoto aongozwe na udadisi wake. Wengi hudhani inampumzisha mzazi. Kinyume chake, ndiyo inayomtaka awepo zaidi, ajibu, atafute vitabu, ampeleke mtoto kwa fundi na shambani. Asiyekuwa na muda huo asiiguse.

*Tukifuata Cambridge, Kiswahili kitakwenda wapi?*

Hakiendi popote msipokifukuza wenyewe. Kuna IGCSE ya Kiswahili. Nyumbani, masimulizi ya siku moja yafanywe kwa Kiingereza, ya kesho kwa Kiswahili.

*Sheria inasemaje?*

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Onana na wakili kabla ya kumtoa mtoto darasani, na uweke kumbukumbu za masomo, kazi zake na tarehe.

*Nikiona nimekosea, nibadilishe?*

Mbinu ibadilishe hata katikati ya muhula. Mtoto akilia kila asubuhi mezani, tatizo mara nyingi liko hapo. Mtaala usiuguse ovyo baada ya miaka 12, kwa kuwa mapengo ya hisabati na sayansi huwa magumu kuziba. Wiki hii, kabla hujanunua kitabu hata kimoja, wasiliana na shule au kituo cha mtihani kilicho karibu nawe na uwaulize kama watampokea mwanao.