Kukesha na daftari: ushauri kwa wanaosomea kazi ya afya

Katika toleo hili tunaongea na wale kati yetu wanaosomea uuguzi, utabibu au kazi ya mhudumu wa afya. Hali yenu tunaijua. Mchana kuna darasa, foleni ya maji, siku ya mgao na wadogo wa kuangalia. Nyumba inatulia saa nne usiku, na hapo ndipo daftari linafunguliwa. Wengine mnasoma mpaka saa nane, na alfajiri mko njiani kwenda wodini.

Je, yanayosomwa saa nane usiku yanabaki kichwani? Kidogo sana. Unapolala, ubongo unaendelea na kazi: unapanga na kukaza yale uliyojifunza. Jambo hili si geni. Mwaka 1924 huko Marekani, Jenkins na Dallenbach waliwapa wanafunzi wawili maneno yasiyo na maana wayakariri. Wanafunzi hao walikumbuka zaidi walipolala baada ya kujifunza kuliko walipokaa macho kwa muda ule ule. Kwa hiyo ukikata usingizi ili usome, unapunguza kile kile unachokitafuta. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, na kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji saa 8 hadi 10.

Kwako wewe kuna pia mgonjwa. Utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi kama aliyekunywa pombe. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa hizo 17 zinatimia saa tano usiku. Nani kati yetu angekubali kupimiwa dawa na mlevi?

Mimi ninayeandika haya, nikiwa mwaka wa pili wa masomo, nilikesha kabla ya mtihani kisha nikaingia wodini. Mtoto alitakiwa apewe paracetamol ya maji miligramu 120, yaani mililita 5. Nikaandika mililita 12. Muuguzi wa zamu aliniita pembeni, akauliza nililala saa ngapi. Mtoto hakupewa kipimo kile, lakini mtihani wenyewe nao nilishindwa.

Basi ufanye nini? Kama unaweza, lala saa tatu usiku na uamke saa kumi. Saa mbili za alfajiri, kichwa kikiwa kimepumzika, zinafaa kuliko nne za usiku. Soma ukiwa ndani ya chandarua kwa tochi au taa ya sola, kwa maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, na anayekaa mezani nje ya chandarua ndiye chakula chao. Koroboi au mshumaa usiuingize ndani ya chandarua hata kidogo. Nyumba zetu za turubai na nyasi zinawaka haraka.

Unaposoma, funga daftari na ujiulize maswali. Kurudia kurasa kwa macho tu kunachosha bila faida kubwa. Kahawa na chai ya majani acha baada ya saa nane mchana: baada ya saa 5 hivi, nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Ukiwa na zamu ya usiku, lala saa moja au mbili mchana kabla ya kwenda. Vidonge vya kukesha au vya kuleta usingizi usinunue sokoni.

Wazazi nao wana neno lao hapa. Mara nyingi binti ndiye anayeanza kusoma wa mwisho, baada ya kuni, maji na vyombo. Wiki za mtihani mpunguzieni, kaka zake wabebe ndoo. Wao pia wana mikono.

Na kama muda wa kulala upo lakini usingizi hauji, au unaamshwa na ndoto za yale uliyoyaona nyumbani, hilo si la ratiba tena. Fika kituo cha afya, umwambie mhudumu wa mapokezi kwamba unataka kuongea na mshauri. Huna haja ya kumweleza sababu pale kwenye foleni.