Maswali na Majibu: Wapi pa Kupiga Picha za Wanyamapori Ukiwa Munyaka

Siku hizi karibu kila mtu Eldoret ana kamera mfukoni, na wachache wameanza kununua lenzi ndefu. Yafuatayo ni maswali ninayoulizwa mara nyingi na majirani wa mtaa wa Munyaka, kando ya barabara ya Iten. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Hapa kwetu kuna mnyama gani wa kupigwa picha? Si mpaka mtu aende Maasai Mara?

Zamani usingeuliza hivyo. Makaburu walipofika Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, walikuta nyanda zenye kongoni, pundamilia, twiga na simba. Bunduki ilianza kuwapunguza, ngano ikamalizia, maana mkulima hawezi kulima ngano na kufuga pundamilia katika shamba lilelile. Masalia ya mwisho makubwa yalikuwa twiga wa Rothschild wa Soy. Ranchi yao ilipokatwakatwa kugawiwa watu miaka ya 1970, baadhi walihamishwa. Twiga mchanga aliyeitwa Daisy, ambaye familia ya Leslie-Melville ilimlea Nairobi kuanzia mwaka 1974, alitoka huko. Kituo cha Twiga kinachojaa watoto wa shule pale Lang'ata kimetokana na kisa hicho.

Kilichobaki kwetu hasa ni ndege, na wala si haba. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wengi huonekana bila kulipa kiingilio. Tatizo la mpiga picha wa Eldoret ni mazoea: amefundishwa kwamba mnyama asiye na pembe wala meno makubwa si mnyama.

Nitajuaje kwamba mahali fulani ni pazuri?

Wengi hutafuta mahali penye wanyama wengi. Mimi hutafuta mahali ambapo mnyama hashtuki akiniona. Korongo anayelisha mita 30 kutoka kwenye njia ambayo watoto hupita kwenda shule atakupa picha. Korongo mia walio katikati ya kinamasi, wanaoruka ukikohoa, watakupa nukta za kijivu.

Anza na maji. Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu, izungushie Munyaka mduara wa kilomita 10, kisha utie alama kila bwawa, kijito na kinamasi. Halafu angalia mipaka: pale msitu unapokutana na shamba, au matete yanapokutana na malisho. Wanyama hupenda kingo, kwa sababu chakula kiko upande mmoja na maficho upande wa pili.

Baada ya hapo funga simu ukaulize watu. Wachungaji wanajua kuliko ramani. Usimwulize mchungaji "kuna ndege hapa?", kwa kuwa atajibu ndiyo ili muachane salama. Mwulize ndege wakubwa hunywa maji wapi na saa ngapi, na kama kuna wanaolala mtini jioni. Mitandao kama eBird na iNaturalist nayo husaidia, ila kumbuka inaonyesha mahali ambapo watu wenye simu walifika, si mahali ambapo ndege wapo.

Mwisho ni jua. Tuko karibu na Ikweta, na jua letu halina subira. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali na macho ya mnyama yamezama kwenye kivuli. Kwa hiyo asubuhi mahali pazuri ni pale unapoweza kusimama mashariki ya mnyama, jua likiwa mgongoni mwako. Kinamasi kilekile kinaweza kuwa hovyo asubuhi na cha ajabu saa kumi na moja jioni.

Basi nianzie wapi karibu na nyumbani?

Marura. Ni kinamasi kilicho upande wetu wa mji, kinachopakana na eneo la Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel. Hapo utakuta yangeyange, kwarara, bata na, ukibahatika, korongo taji.

Huyo wa mwisho ndiye wa kumtafuta. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni hii tunayoiona kwa macho yetu: vinamasi kukaushwa ili kulimwa au kujengwa. Wakati wa mvua hukaa wawili wawili na kutaga kwenye majani ya kinamasi. Kiangazi hukusanyika makundi. Ukiwaona wawili wakiinamiana, usishushe kamera. Mara nyingi kinachofuata ni ngoma: mabawa yanafunguka, mmoja anaruka juu miguu ikining'inia, mwenziwe anang'oa kijani na kukirusha hewani. Weka kasi ya shata isiyopungua 1/1000, na uache nafasi juu ya vichwa vyao kwenye fremu, la sivyo utakata taji.

Kwa uso wake, ambao una shavu jeupe, kipande chekundu kooni na taji la dhahabu, mwanga wa mawingu ni bora kuliko jua kali. Weupe wa shavu huungua upesi.

Nimeona watu wakipiga picha kwenye mashamba ya ngano. Wanatafuta nini?

Trekta! Kuanzia Januari hadi Machi, kabla ya mvua, mashamba ya Uasin Gishu hulimwa, na jembe linapopindua udongo wadudu hutoka. Mwewe na yangeyange hufuata nyuma, na kwa miezi hiyo hutokea korongo weupe waliokuja kutoka Ulaya kukimbia baridi. Dereva wa trekta hana habari nao, wao hawana habari naye. Omba ruhusa ya mwenye shamba, simama mwisho wa mstari, na trekta litakuletea ndege hadi ulipo. Sijui mahali pengine ambapo picha ya kilimo na ya wanyamapori hupatikana kwa kubofya mara moja.

Baada ya mavuno, mabua ya mahindi na ngano huwavuta korongo taji wanaookota punje. Hapo gari au pikipiki iliyozimwa ni maficho mazuri kuliko kichaka.

Mwalimu, kijana wangu ana simu tu. Si anapoteza wakati?

Hapana, mama. Aachane tu na kuvuta picha kwa vidole, maana simu nyingi hapo hazikaribii kitu, zinakuza ukungu. Badala yake achague viumbe wanaokubali kusogelewa: kinyonga kwenye ua, kipepeo aliyepigwa baridi asubuhi, buibui mwenye umande. Ashuke hadi simu ilingane na macho ya kiumbe.

Mvua ikinyesha usiku, kesho yake kwarara hushuka kwenye nyasi fupi kutafuta minyoo. Kwa mbali ni ndege wa kahawia mwenye kelele. Jua likimpiga kwa ubavu, bega lake hung'aa kijani na zambarau. Kijana akijifunza kungojea ubavu huo, atakuwa ameelewa mwanga kuliko wengi wenye lenzi za milimita 600.

Watu wote huenda Iten kupiga picha za bonde. Kuna wanyama?

Wapo, lakini wengi huenda saa mbaya. Iten iko kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Kerio, ikitazama mashariki, hivyo asubuhi jua linakupiga machoni na bonde lote ni moshi. Nenda alasiri.

Uzuri wake ni urefu. Mji uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini. Hewa ikishapata joto hupanda ukutani, na ndege mbua hupanda nayo. Kwingine unampiga mwewe picha ya tumbo kutoka chini. Hapa anapita usawa wa uso wako, na mara nyingine chini yako, mgongo wote ukionekana.

Nataka mbega.

Msitu wa Kaptagat. Sikiliza mngurumo wao alfajiri, kisha ufuate. Mwili mweusi na manyoya meupe huichanganya kamera: punguza mwanga kidogo ili weupe usiungue. Ni msitu wa serikali, kwa hiyo pitia kwa walinzi wa misitu kwanza.

Na wanyama wakubwa, bila kufika Mara?

Twiga wa Rothschild wamebaki katika shamba la Kruger, hapahapa Uasin Gishu. Ni mali ya watu binafsi, basi wasiliana nao kabla ya kwenda. Hifadhi ya Rimoi, chini bondeni Elgeyo-Marakwet, ina ndovu. Lakini hali ya usalama Bonde la Kerio hubadilika, na usiteremke kabla hujaulizia kwa askari wa wanyamapori.

Ningeshauri Saiwa, nje ya Kitale. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, ina kilomita za mraba 3 tu, na huingii na gari: unatembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao. Kuna nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka, na tumbili mwenye ndevu nyeupe aitwaye kalasinga. Nzohe hutoka alfajiri na jioni, hivyo lala Kitale au uondoke Eldoret usiku. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen.

Nitahitaji kibali?

Kwa picha zako mwenyewe kwenye ardhi ya mtu, ruhusa ya mdomo inatosha, na uiombe kabla ya kutoa kamera. Chuoni, pitia kwa walinzi langoni. Kamwe usielekeze lenzi ndefu kwenye kambi ya jeshi au uwanja wa ndege. Maelezo yako kuhusu korongo hayatasikilizwa. Droni ni jambo lingine kabisa. Zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwa kanuni za mwaka 2020, na hifadhini huwezi kuirusha bila idhini maalumu. Hata ukiipata, usiipeleke juu ya korongo waliotaga. Wataacha mayai.

Nikipata kiota au bundi, niseme ni wapi?

Usiseme. Bundi bado anauawa kwa imani za mikosi, na mayai ya korongo yana wateja wake. Taja kaunti, inatosha, na uzime alama ya mahali kwenye simu kabla ya kusambaza picha.

Jumamosi hii niende wapi?

Marura tena. Uwe umefika saa kumi na mbili kamili, umevaa nguo za rangi ya udongo, na mfuko mdogo wa maharagwe wa kuegemezea lenzi. Kaa sehemu moja hadi saa tatu bila kuhamahama. Jumamosi ijayo rudi palepale.