Mashine ya CPAP Ikisumbua Usiku: Chanzo Hutafutwa Wapi

Miongoni mwa wakazi wa Kaunti ya Nakuru walioagizwa na daktari kulala na mashine ya CPAP, wako ambao mashine yao sasa inakaa juu ya kabati. Sababu zinazotolewa hufanana: inabana uso, inakausha koo, inajaza tumbo hewa, inapiga mluzi hadi mwenzi wa chumbani anahamia sebuleni. Malalamiko hayo ni ya kweli na mgonjwa hapaswi kuambiwa avumilie tu. Lakini mengi yana chanzo kinachoonekana kwa macho, na hurekebishwa nyumbani bila fundi.

Ugonjwa unaotibiwa huitwa apnia ya usingizi. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi ya watu njia ya hewa hujifunga kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo hushtuka, mtu huvuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, kisha hurudi usingizini bila kukumbuka lolote. Hali hiyo ikijirudia mara 30 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Asubuhi kichwa huwa kizito, na mchana mtu husinzia akiwa kwenye kiti. Ugonjwa huu huandamana na presha isiyotulia hata kwa dawa, na huongeza hatari ya kiharusi. Kwa dereva wa lori anayeteremka Salgaa saa tisa usiku, hatari iko karibu zaidi ya hapo: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 60 katika sekunde 3 za kusinzia.

CPAP si mashine ya oksijeni, ingawa wengi huiita hivyo. Haipumui kwa niaba ya mgonjwa. Huchukua hewa ya kawaida ya chumbani na kuisukuma taratibu kupitia paipu na barakoa ili koo lisijifunge, basi. Ilibuniwa Sydney, Australia, na daktari Colin Sullivan, ambaye mwaka 1981 alichapisha matokeo ya wagonjwa wake wa kwanza. Wagonjwa hao wa mwanzo walibandikwa barakoa puani kwa gundi kila usiku, na mashine ilinguruma kama ile ya kufyonza vumbi. Za leo ni kimya mno. Ikipiga kelele, kuna kitu hakijakaa sawa.

Hewa inayovuja

Kasoro nyingi huanzia hapa. Hewa ikipita kando ya barakoa hupuliza machoni hadi yanawasha, hutoa mluzi, na msukumo unaofika kooni hupungua.

Kabla ya kukaza chochote, mtumiaji aitafute sehemu yenye matundu madogo, kwa kawaida mbele ya barakoa au pale inapoungana na paipu. Hewa inayotoka hapo haijavuja kwa bahati mbaya. Matundu hayo yamewekwa ili hewa chafu anayoitoa mgonjwa itoke nje badala ya kuivuta tena. Kuna watu huyaziba kwa selotepu wakidhani wanaokoa hewa. Hilo ni hatari na lisifanywe kamwe.

Hewa ikitoka pembeni, kosa la kawaida ni kukaza mikanda. Ukingo laini wa barakoa umetengenezwa uvimbe kidogo kwa hewa na kulala juu ya ngozi. Ukibanwa sana hukunjika, hewa huvuja zaidi, na asubuhi kunakuwa na kidonda juu ya pua. Njia iliyo bora ni kulegeza mikanda yote, kulala kitandani kwa mkao wa kila siku, kuwasha mashine, kisha kuivuta barakoa mbele kidogo na kuiachia ijikalishe yenyewe. Ndipo mikanda ikazwe kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa pamoja. Barakoa iliyopimwa mtu akiwa ameketi haitakaa vilevile akilala, kwa sababu nyama ya uso hubadilisha mkao.

Mafuta ni adui mwingine. Anayejipaka mafuta ya mgando kabla ya kulala, kama ilivyo desturi katika sehemu zetu za baridi, atakuta barakoa inateleza na ukingo wake unachakaa haraka. Uso uoshwe kwa sabuni usiku, na mafuta yasubiri asubuhi. Ndevu nazo huacha mianya. Mwenye ndevu huweza kumuuliza daktari kuhusu barakoa ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua pekee. Kwa waliosuka nywele, mikanda huteleza juu ya rasta na kubadilika urefu kila mtindo unapobadilika. Kofia laini ya kulalia ikivaliwa chini ya mikanda husaidia, ila mikanda ipimwe upya kila baada ya kusuka.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na hewa bado inatoka, ukingo ukaguliwe mchana kwenye mwanga. Ukiwa mgumu, umepasuka au umegeuka manjano, muda wake umekwisha.

Koo kavu, pua iliyoziba, maji kwenye paipu

Anayetumia barakoa ya pua pekee na kuamka na mdomo mkavu kama gunzi, mara nyingi analala mdomo wazi, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Swali la kujiuliza ni kwa nini mdomo unafunguka. Mara nyingi jibu ni pua iliyoziba kwa mafua au mzio wa vumbi. Maji ya chumvi ya puani yanayouzwa duka la dawa husaidia. Matone ya kuzibua pua haraka yasitumiwe zaidi ya siku chache, kwani yakizoewa pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Pua isipofunguka, kuna barakoa inayofunika pua na mdomo pamoja.

Tangi la maji lililo kwenye mashine huongeza unyevu na joto katika hewa. Koo likikauka, kiwango cha unyevu hupandishwa hatua moja na kujaribiwa kwa siku mbili tatu kabla ya kupandishwa tena.

Hapo ndipo wakazi wa Molo, Elburgon na Kuresoi hukutana na shida ambayo wa Naivasha huenda wasiijue. Hewa yenye joto na unyevu ikipita kwenye paipu ndani ya chumba cha baridi hugeuka matone. Saa nane usiku paipu inabubujika, na maji yanamrukia mgonjwa usoni. Mashine haijaharibika. Paipu ipitishwe chini ya blanketi au ivalishwe kitambaa cha sufi, na mashine iwekwe chini kuliko kichwa, kwenye stuli fupi, ili maji yarudi tangini. Isipotosha, unyevu upunguzwe hatua moja.

Maji ya kujaza tangi yanastahili uangalifu katika kaunti hii. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi na madini mengi, nayo huacha utando mweupe mgumu ndani ya tangi. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi madini. Maji yanayofaa ni yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwenye maduka ya dawa. Yakikosekana kwa usiku mmoja, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yatafaa, mradi tangi lisuguliwe kesho yake. Kile kinachoitwa maji ya betri kwenye vituo vya petroli kisitumiwe, kwa sababu jina hilo hutumiwa pia kwa asidi, na hapo si pa kubahatisha. Utando mweupe huondolewa kwa kulowesha tangi katika siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kisha kusuuza vizuri.

Maji yamwagwe kila asubuhi. Mashine isibebwe wala kuinamishwa ikiwa na maji, kwani yakiingia kwenye mota gharama yake ni kubwa kuliko ya barakoa tano.

Usafi wenyewe ni mwepesi: ukingo wa barakoa hufutwa kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, paipu na tangi huoshwa mara moja kwa wiki, na vyote hukaushwa kivulini. Jik, spiriti na sabuni za manukato makali viachwe. Kichujio cha hewa nyuma ya mashine hubadilishwa takriban kila mwezi, na mapema zaidi kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi. Kile cheupe chembamba hakioshwi.

Msukumo unaolemea

Mgonjwa mpya huweza kuhisi kama amefunikwa uso na kuanza kuhangaika. Dawa yake si ujasiri. Avae barakoa mchana akiwa macho, nusu saa akitazama habari, kwanza bila mashine kisha ikiwa imewashwa, hadi mwili uzoee. Mashine nyingi pia huweza kuanza kwa msukumo mdogo na kupanda polepole mtu anapopata usingizi. Mgonjwa amwombe aliyemwekea mashine amwonyeshe kitufe hicho.

Anayeamka na tumbo lililojaa hewa anaimeza hewa ya mashine. Kuinua kichwa cha kitanda husaidia. Ikiendelea, daktari huweza kubadilisha kiwango. Mgonjwa asijibadilishie msukumo mwenyewe wala asikubali jirani mwenye mashine kama yake amwekee namba zake. Kiwango hupatikana kwa vipimo vya usingizi vya mtu mmoja mmoja.

Kwa wanaoishi juu milimani kuna jambo ambalo huenda wasiambiwe dukani. Mashine za kisasa hujirekebisha kulingana na wepesi wa hewa, lakini zina kikomo: vitabu vya baadhi ya mashine hutaja karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, vingine karibu mita 2,600. Mji wa Nakuru, ulio mita 1,850 hivi, hauna shida. Mau Narok iko juu ya vikomo vyote viwili. Mnunuzi wa huko asome kitabu cha mashine kabla ya kulipa.

Stima zikipotea

Mashine ikizimika, barakoa ivuliwe. Barakoa inayofunika mdomo na pua ina kilango kinachojifungua ili hewa ya nje iingie, lakini hakikuwekwa kwa ajili ya kulala nacho hadi asubuhi. Kwa usiku huo mgonjwa alale ubavu, ainue kichwa, asinywe pombe wala vidonge vya usingizi. Dereva aliyelala hivyo afikirie mara mbili safari ndefu ya kesho yake.

Stima zinaporudi kwa kishindo ndipo vifaa huungua, kwa hivyo mashine ichomekwe kwenye kilinzi kama kile cha friji. Kwenye nyumba ya sola au betri, siri iko kwenye joto la tangi: kinachokula umeme zaidi ni kupasha maji. Joto likizimwa, mashine nyingi hutumia chini ya wati 30, na betri hudumu mara kadhaa zaidi. Waya wa kuunganisha na betri uwe ule uliotengenezewa mashine hiyo, kwa kuwa nyingine hutaka volti 12 na nyingine 24.

Mashine za mitumba

Bei ya mashine mpya huwasukuma wengi kununua iliyotumika au kuletewa na jamaa kutoka Marekani au Ulaya. Si vibaya, ila ina masharti. Mnamo Juni 2021 kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kuziondoa sokoni mamilioni ya mashine za aina kadhaa zilizotengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Mashine kama hizo huweza bado kuzunguka mikononi mwa watu. Mnunuzi aandike jina la mashine, nambari yake na tarehe ya kutengenezwa, kisha aulize daktari au muuzaji wa vifaa vya hospitali kama imo kwenye orodha. Anayeitumia tayari asiitupe kabla ya kuzungumza na daktari wake. Kukaa bila tiba nako kuna hatari.

Barakoa, paipu na kichujio vya mtu mwingine visirithiwe. Barakoa zenye vibanio vya sumaku nazo zimetolewa onyo tangu 2022: mwenye kifaa cha kuendesha moyo au chuma kichwani, au anayelala karibu na mtu kama huyo, atafute barakoa isiyo na sumaku.

Pa kwenda

Damu ya puani inayorudi, maumivu ya kifua, sikio linalouma, au usingizi wa mchana uliorejea baada ya kupotea, hayo ni ya kliniki. Vilevile mashine ikionyesha kila asubuhi namba ya kukatika pumzi iliyo juu ya 5 kwa saa, au mgonjwa akiongezeka au kupungua uzito sana. Kituo cha afya kilicho karibu kitaandika barua ya rufaa kwa hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo au ya kifua. Siku hiyo mgonjwa abebe mashine yenyewe ikiwa na tangi tupu, barakoa, paipu, waya wake wa umeme, na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyo ubavuni ikiwa ipo. Aende pia na anayelala naye chumba kimoja, maana huyo ndiye aliyesikia yaliyotokea usiku.