Dondoo muhimu: Boti kwenye mkondo mkali

Aprili 2024 Mto Athi ulivunja kingo zake, maji yakazingira nyumba za watu Kitengela na baadhi yao wakalazimika kuokolewa. Masika hurudi kila mwaka, kwa hivyo shika haya.

Usipande boti bila jaketi la kuokoa maisha, hata kama ng'ambo ni hatua chache. Funga kamba zote, kisha mwenzako alivute juu mabegani: likifika masikioni, limelegea na litachomoka ukiingia majini. Boti ikijaa, subiri safari ya pili.

Unapopiga kasia, elekeza omo, yaani mbele ya boti, mshazari kule maji yanakotoka, la sivyo mkondo utakubeba. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Mti ulioanguka mtoni uogope kuliko mawimbi. Maji hupita kati ya matawi, mtu hunasa. Boti ikigonga jiwe, egemeeni upande wa jiwe, isije ikapinduka.

Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakoelekea. Usisimame kwenye maji yanayokimbia: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi. Ogelea mshazari hadi ukingoni.

Mwenye gari naye asijaribu kuvuka. Maji ya sentimita 30 yanayokimbia yanaweza kusomba gari dogo. Geuza, kisha upigie simu Msalaba Mwekundu wa Kenya: 1199, bila malipo.