Kuchimba Dawa Mlimani

Ukipanda Kilimanjaro, tumia choo cha kambi kila unapokifikia, hata kama kinanuka na hujabanwa sana. Kazi iko kati ya kambi na kambi.

Ukibanwa ungali msituni, mwambie mwongozaji mapema, usione haya. Toka njiani, kaa mbali na maji angalau mita 60, kama hatua 80 za mtu mzima. Vijito vya huko juu vinashuka hadi kwenye mifongo ya Wachagga, vinanywesha migomba na kahawa za watu. Korongo kavu nalo liepuke, maana mvua ikinyesha linakuwa mto.

Chimba kwa kikoleo cha bustani, kina cha sentimita 15 hadi 20, yaani urefu wa kiganja tangu kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Usizidishe: vijidudu vinavyoozesha uchafu viko kwenye udongo mweusi wa juu. Anayetawaza atenge chupa ya maji na atawazie juu ya shimo lile lile, kamwe si kijitoni. Napendelea njia hii, kwani haiachi karatasi. Kisha rudisha udongo wote na utandaze majani makavu. Kuweka jiwe juu tu si kufukia.

Karatasi ukiizika, wanyama wataifukua. Kuichoma ni hatari zaidi. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza vichaka vya mlima huu kwa siku kadhaa. Shuka nayo, pamoja na pedi na vitambaa vyenye unyevu, ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana.

Ukishavuka mita 4,000 mambo yanabadilika. Huko ni mawe na majivu ya volkano, ardhi kavu inayoganda usiku, na kinyesi hukaa muda mrefu mno bila kuoza. Shimo halisaidii, uchafu ushuke na msafara. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, iulize kampuni kama inabeba choo cha safari, na kama mpagazi anayekibeba ana glavu na analipwa nyongeza. Wakisitasita kujibu, tafuta wengine. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, nenda chooni kwanza, hata ukiona huna haja.

Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujagusa chakula: tumbo la mmoja likiharibika, hema zima huharisha.